Mrejesho: kusoma Qurani kwa kufahamu, si kumaliza tu

Assalaam alaykum. Niliuliza: mtu wa Lamu asiyefahamu Kiarabu asome vipi ili Qurani impe faraja ya kila siku? Ahsanteni walimu, majibu yenu yamefaa.

Msahafu wa Madina (chapa ya Qurani inayotumika sana) una kurasa 604. Kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi ni 20 kwa siku, takriban juzuu moja (sehemu moja kati ya 30 za Qurani). Ramadhani kasi hiyo ni sawa. Miezi mingine ulimi hukimbia na maana hubaki nyuma, ndipo wengi wanapoacha. Ukurasa mmoja baada ya Alfajiri watosha: Kiarabu kwanza, kwa sauti, kisha tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy pamoja na maelezo yake, halafu chagua aya moja tu ya kuzingatia hadi Isha. Siku ikikupita, usilipe kurasa mbili kesho. Madeni yakirundikana msahafu haufunguliwi tena.

Aliyependekeza Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, jioni, shukrani. Beti 3 au 4 zatosha, na zisomwe na mzee anayejua Kiamu (lahaja ya Lamu) cha zamani, kwani ukizipitia peke yako utapata mahadhi tu, na mawaidha yake juu ya majumba yaliyoanguka ya mji wa Pate yatakupita.

Kuhusu vitabu kuota ukungu (hapa kwetu hewa ya chumvi haisamehe): usivibane kwenye kidaka cha ukuta wa mawe. Acha nafasi nyuma yake, vifungue kivulini mara kwa mara, wala usivianike juani, gundi hupasuka.