Mzigo ukitukosakosa gatini vijana wananyamaza, nifanyeje?

Kijana wa Gati
Habari za jioni wadau. Niko Kisumu, kwa kontrakta anayepakia na kupakua mizigo ya ziwani. Siku hizi ndiye ninayempa dereva wa kreni ishara za mikono, na gengi langu ni la vibarua, wengi wadogo zangu kwa umri.

Juzi tulikuwa tunainua mabunda ya vyuma. Upepo wa alasiri ukavuma kutoka ziwani, bunda likazunguka, ncha ikapita karibu na sikio la kijana aliyekuwa akiusukuma mzigo kwa mikono mitupu. Forman akasema, "Mungu ametusaidia, endeleeni." Kijana mwingine akauliza mbona hatuna kamba za kuongozea mzigo. Kesho yake asubuhi pale getini jina lake halikuitwa.

Tangu hapo kimya. Hata waya ukichanika nyuzi, hakuna anayesema. Naogopa siku moja nitampelekea mama wa mtu habari mbaya. Nifanye nini bila vijana hawa kukosa unga?

Mzee wa Winchi
Mimi nimefanya Kilindini kabla ya kurudi nyumbani Siaya. Kijana wangu, anza na kilicho mkononi mwako. Mzigo hauinuki mpaka utoe ishara. Basi kama hakuna kamba za kuongozea, usitoe. Mtu akiwa chini ya mzigo, usitoe. Na ishara ya kusimama ni ya kila mtu: hata kibarua wa leo akiitoa, dereva asimame kwanza, maswali baadaye.

Halafu tazama nyaya zinazotoka kwenye ndoano ya kreni kushika mzigo zinavyokaa. Wengi hupima uzito wakasahau pembe. Nyaya mbili zikikaribia kusimama wima, kila mmoja hubeba nusu. Zikitanuka hadi pembe kati yake ifike digrii 120, kila mmoja unabeba uzito wote. Mzigo ni tani mbili, lakini waya wa kushoto unavutwa kwa tani mbili na wa kulia vilevile. Hapo ndipo waya unaoonekana mzima hukatika, na watu wakaita bahati mbaya.

Nyar Nam
Pole sana kaka. Mimi ni afisa wa usalama kiwandani, ila sheria ni moja, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Inahusu kila mahali pa kazi, mtu awe wa kudumu au wa muda, kwa hivyo vibarua wako wamo. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi, na akiondoka penye hatari hiyo kwa sababu ya maana, hafutwi wala haadhibiwi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama. Ulizia yenu iko wapi.

Omera wa Kondele
Dada, sheria ni nzuri, lakini anayeita majina getini ni forman. Hatasema amemfuta mtu, atasema leo kazi ni kidogo. Nani atathibitisha?

Nyar Nam
Kweli kabisa, ndiyo maana ripoti isitoke kwa kibarua. Kaka, iandike wewe: tarehe, saa, mzigo gani, nini kilikosekana. Piga picha ya waya uliochanika. Mpelekee mkubwa wa forman, ubaki na nakala.

Mzee wa Winchi
Na asubuhi kabla ya kazi zungumza na gengi zima. Usiulize "kuna shida?" maana watasema hakuna. Uliza "jana mlishtukia wapi?" Utasikia mengi.

Kijana wa Gati
Asanteni sana. Kamba naziomba stoo kwa maandishi kesho asubuhi. Lakini yule kijana aliyeachwa getini, namsaidiaje?

Nyar Nam
Muulize kwanza kama yuko tayari. Akikubali, aandike aliuliza nini, siku gani, na nani walisikia, kisha aende nayo ofisi ya leba. Nawe ukubali kuwa shahidi wake.

Kijana wa Gati
Nimekubali. Nampigia simu usiku huu.