Rekodi ya Handel iko chini kuliko kinanda

Kwaya yetu hapa Kampala inajifunza "Hallelujah" kwa rekodi ya ala za kale. Noti ziko D, rekodi inasikika C shapu. Je, faili ni mbovu?

— Faili ni nzima, ndugu. Rekodi hizo kwa kawaida huweka A, noti ya kupangia ala, kwenye hezi 415 (mitetemo 415 kwa sekunde). Kinanda chenu ni 440, yaani nusu toni juu. Wekeni transpozi (kitufe cha kinanda cha kushusha au kupandisha noti zote) -1, yaani nusu toni chini. Msiharakishe faili ili sauti ipande: mwendo nao utaongezeka karibu asilimia 6, na soprano watakosa pa kuvuta pumzi.

— Naongezea: rekodi nyingi za ala za kale za muziki wa Kifaransa wa enzi za baroko ni 392, hapo wekeni -2. Kinanda kikiwa na mpangilio wa Vallotti (namna ya kale ya kupanga umbali kati ya noti), utumieni. Akodi ya D hutulia zaidi.