Kusachi neno moja kwenye kolamu tatu MySQL, inaniletea hadi waliofutwa

Wakuu habari za saa hizi, nina tebo ya wateja wa duka la spea kwenye database ya MySQL, nataka mtu akiandika juma itafute kwenye jina, mtaa na maelezo kwa mpigo, nimeandika hivi:

WHERE hai = 1 AND jina LIKE '%juma%' OR mtaa LIKE '%juma%' OR maelezo LIKE '%juma%'

sasa inaleta na wale niliowafuta (hai = 0), nimekesha nayo jana mpaka macho mekundu, shida nini?

fundi_kodi: Mabano mkuu. AND inashika kabla ya OR, kwahiyo hai = 1 yako inalinda jina peke yake, hizo mbili zinapita mlango wa nyuma. Zifunge OR zote ndani ya mabano.

mamaD: Au ziunganishe zote tatu ziwe maandishi mamoja, CONCAT_WS(' ', jina, mtaa, maelezo) LIKE '%juma%', ila sio CONCAT ya kawaida, kolamu moja ikiwa NULL (haina kitu) yote inakuwa NULL na mteja anapotea, mie iliniponza siku nzima nikalaumu seva bure

kijiwe77: Sawa ila % (yaani herufi zozote) ikiwa mwanzoni indeksi (orodha ya kutafutia haraka) haisaidii, inapitia mstari kwa mstari. Tebo ikinenepa weka indeksi ya FULLTEXT (ya kutafuta maneno) kwenye hizo kolamu tatu halafu MATCH(jina, mtaa, maelezo) AGAINST('juma'), InnoDB (injini ya MySQL ya kuhifadhi tebo) inakubali tangu MySQL 5.6. Hiyo inataka neno zima lakini, jum tupu haimleti Juma mpaka uandike 'jum*' IN BOOLEAN MODE.

Muuliza swali: Mabano yamemaliza kazi 😂 hiyo FULLTEXT wateja wenyewe 400, itasubiri