Binti yangu katoka wodini, kliniki inataka avae miwani ya VR. Tuweke saini?

Dereva wa I-70 (mwanzisha uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Columbus, Ohio. Anayekuja na kejeli naomba apite kimya kimya, hili jambo ni zito.

Nina binti wa miaka 16. Mwezi uliopita alijaribu kujitoa uhai. Mungu akamnusuru, akalazwa wodi ya vijana, sasa yuko nyumbani. Anakula, shule anakwenda nusu siku, na kila wiki anaonana na mwanasaikolojia wake. Juzi kliniki wakatuambia kuna tiba ya ziada kwa vijana waliopitia hali kama yake: anavalishwa miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha picha za kompyuta pande zote kama uko mahali pengine, mle ndani anafanya mazoezi ya kutulia na ya kuvuka saa mbaya zikija. Bado ni utafiti, kwa hiyo wanataka ridhaa yetu wazazi na ya mtoto mwenyewe.

Mama yake kagoma kabisa. Anasema, "Mtoto kaharibikia kwenye simu, chumbani, mlango umefungwa. Leo tumzibe na macho?" Bibi yake kutoka Tanga naye kila siku anatuma sauti WhatsApp, tumrudishe nyumbani akasomewe. Binti mwenyewe anataka. Na niseme ukweli, hicho ndicho kitu cha kwanza kukitaka tangu aruhusiwe hospitali.

Anayeijua hii kitu anisaidie. Inafanyaje kazi? Haiwezi kumrudisha kulekule alikotoka?

Mzee wa Tandika

Pole sana mkuu. Ila mtoto anataka kusikilizwa, siyo gemu. Hawa jamaa kila ugonjwa wana mashine yake. Kaa naye, ongea naye, mpeleke kwenye ibada. Mambo ya kumfanyia majaribio mtoto wako sikushauri.

Nesi Mzalendo

Pole kaka, na mpe pole mama. Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya vijana huku Minnesota miaka mingi kiasi, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kwanza, VR kwenye tiba siyo kitu cha jana. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha utafiti wa kutibu hofu ya kuwa mahali pa juu kwa njia hiyo. Seattle, Hunter Hoffman na wenzake wakaitumia kwa wagonjwa walioungua: wakati kidonda kinasafishwa, mgonjwa yuko kwenye bonde la theluji anarusha mipira ya theluji, maumivu yanapungua. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha VR kwa maumivu sugu ya mgongo ya watu wazima. Kwa hiyo Mzee wa Tandika, gemu ni gemu na hii ni nyingine, hata kama miwani inafanana.

Sasa ya binti. Nadhani wanachomfundisha mle ndani ni stadi za aina ya DBT, tiba iliyobuniwa na Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington. Huyu mama mwaka 2011 alijitokeza hadharani akasema yeye mwenyewe alilazwa akiwa na miaka 17 kwa mambo hayahaya. Tiba yake inamfundisha mtu kwamba wazo la kufa hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka, na kuna vitu vya kufanya likiwa juu ili ufike upande wa pili ukiwa hai: pumzi, maji baridi usoni, kumpigia mtu. Timu ya Hoffman ikatengeneza na Linehan mazoezi ya VR ambapo mgonjwa anaelea mtoni taratibu huku sauti inamwongoza aangalie mawazo yake bila kuyakimbilia.

Kwa nini miwani, na si karatasi? Kwa sababu kijana ukimpa karatasi ya mazoezi anaikunja anaiweka kwenye begi na haionekani tena, nimeziokota nyingi sana chini ya vitanda. Halafu akili iliyochafuka haifumbi macho ikatulia kwa kuambiwa. Ukiizunguka na kitu cha kutazama, inashikika kidogo.

Lakini nisikudanganye. Kwa vijana waliotoka kwenye jaribio la kujiua, ushahidi wa VR bado ni mchanga, ndiyo maana mnaombwa ridhaa ya utafiti. Vyenye ushahidi wa kueleweka ni vingine. DBT ya ana kwa ana ilipimwa kwa vijana, matokeo yakachapishwa 2018, ikapunguza majaribio ya kujiua. Mwaka huohuo Barbara Stanley na Gregory Brown walionyesha kwamba mgonjwa akitoka idara ya dharura na mpango wa usalama ulioandikwa (dalili za hatari, vya kufanya na watu wa kuwapigia), halafu akapigiwa simu za kumfuatilia, vitendo vya kutaka kujiua vilipungua kwa asilimia 45 katika miezi sita. Wale walikuwa wanajeshi wastaafu, watu wazima, lakini sisi wodini mpango ule tunautumia kwa watoto pia.

Kwa hiyo miwani iwe juu ya hayo, isiwe badala yake. Je, binti ana mpango wa usalama ulioandikwa? Nyinyi wazazi mmeuona? Dawa zote za nyumbani, hata panadol, ziko chini ya kufuli? Bunduki kama ipo, itoke nyumbani kabisa. Haya yakiwa hayajafanyika, saini ya VR isubiri kwanza.

Dereva wa I-70

Nesi, asante sana dada. Dawa tumefungia, bunduki hatuna. Mpango tulipewa siku ya kuruhusiwa, karatasi imo kwenye bahasha pamoja na za bima. Sijui kama binti anakumbuka kilichoandikwa.

Nesi Mzalendo

Basi leo jioni itoeni kwenye bahasha. Aipige picha aiweke kwenye simu yake, na ninyi yenu. Kaeni naye muulize kama majina ya watu wa kuwapigia bado ni yaleyale, vijana hubadilisha marafiki upesi. Na usiogope kumuuliza moja kwa moja, "Mwanangu, mawazo ya kujiua yamekurudia?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi wanashusha pumzi wakiulizwa.

mpitanjia_22

Uncle shikamoo. Mimi nililazwa nikiwa sekondari, sasa niko chuo. VR nilifanya kwenye kundi letu la tiba. Nakwambia yasiyoandikwa kwenye fomu. Mkanda wa ile miwani unakaa vibaya sana kwenye rasta, ukizifunga kwa nyuma kama kitunguu hauingii kabisa, kwa hiyo azisuke zilale au afunge chini shingoni. Mimi siku ya kwanza nilisikia kichefuchefu, wakanikalisha kiti kisichozunguka, ikaisha.

Mle ndani ni pazuri. Shida ni ukivua. Unakuta bado ni Jumanne, una homework ya hesabu na yule mtu hajakujibu meseji. Kilichonisaidia, mnasihi wangu hakuniacha niondoke hapohapo. Tulikuwa tunakaa, ananiuliza ulipoona mto mwili ulifanyaje, na leo usiku utafanya lipi kati ya hayo bila miwani. Kama kwao wanavua na kusema asante, tuonane wiki ijayo, mimi ningekataa.

Na auntie usimlaumu. Mama yangu alisema hivyohivyo. Wakamruhusu avae yeye kwanza dakika chache. Alipiga kelele kwamba anadondoka majini, tulicheka wote, nadhani mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Fundi Waya

Mimi naongelea data tu. Miwani inarekodi jinsi unavyogeuza kichwa na mikono. Mwaka 2023 watafiti wa Berkeley walichukua rekodi za wachezaji wa gemu ya VR zaidi ya 50,000, wakaweza kumtambua mtu kwa usahihi wa asilimia 94 kwa sekunde 100 tu za mwendo wake. Uliza data inakaa wapi, nani anaiona, itafutwa lini. Binti asiingie kwa akaunti yake binafsi. Na mkumbushe utafiti unaachwa wakati wowote bila kupoteza tiba yake ya kawaida, hiyo ni haki yake.

Mama Wawili Nakuru

Nami nizungumzie hili la kumrudisha. Ndugu yangu, wiki na miezi ya kwanza baada ya kutoka wodini ndiyo hatari kuliko zote. Kumng'oa sasa kwa mwanasaikolojia aliyemzoea, umpandishe ndege, hapana. Tena sheria ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hata kwetu Kenya ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 kinakiuka katiba. Bibi amsomee kwa simu, dua haina mpaka. Mpangieni saa yake kila jioni, huenda mtoto akaipenda sauti hiyo kuliko mnavyodhani.

Wengine mnaosoma kimya na hali ni hiyohiyo: Marekani ni 988, kupiga au kutuma ujumbe. Kenya na Tanzania watoto wana 116.

Mzee wa Tandika

Nimesoma yote. Nililosema la kukaa naye nalibakiza, la gemu nalifuta.

Dereva wa I-70

Nawashukuru wote. Nimemsomea mama yake uzi mzima, tulipofika kwa mama wa mpitanjia akacheka kidogo. Amekubali twende Alhamisi, avae yeye kwanza. Nimeandika ya kuuliza: nani anakaa naye chumbani, akivua wanafanya naye nini, usiku akizidiwa tunampigia nani, data inakwenda wapi. Mama yake kaongeza la kwake, utafiti ukiisha mtoto anabaki na nini mkononi. Saini hatuweki siku hiyo mpaka wajibu.

Nesi, swali moja la mwisho. Mama yake Kiingereza cha hospitali kinampita. Nitafsiri mimi?

Nesi Mzalendo

Hapana, na binti asitafsiri kabisa. Piga simu kesho uombe mkalimani wa Kiswahili, hospitali inayopokea fedha za serikali inatakiwa kumtoa bila malipo. Sema mapema, wa Kiswahili mara nyingi wanapatikana kwa simu tu.