Mashine ya kutafutia metali majini inalia hovyo baharini, mtoni haina tabu. Nifanyeje?

Mtoto wa Jambiani

Assalamu alaykum wana jamvi.

Mama watoto kapoteza pete ya ndoa Jumatatu iliyopita, alikuwa anavuna mwani. Mahali anapajua vizuri, ni baina ya kamba ya nne na ya sita kwenye shamba lake. Maji yakipwa pale yanakuwa ya goti, na wakati wa bamvua mchanga unabaki wazi kabisa.

Nina mashine ya kutafutia metali niliyoachiwa na rafiki mzamiaji. Ya mtumba, inaingia majini mpaka meta 3. Kabla ya kwenda pwani niliijaribu Mwera mtoni. Nikatupa sarafu ya mia mbili na pete yangu ya fedha, nikapitisha koili, ile sahani ya chini inayotafuta: tii, hapo hapo. Nikajiona fundi.

Jana nimeishusha Jambiani, ikaanza kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kwenye mchanga mkavu kimya. Mchanga mbichi, kelele. Wimbi likipita juu ya koili ndiyo kabisa, watu wa kwenye ngalawa wakaniuliza nimeshika nini. Nikiinyanyua hewani inanyamaza.

Imekufa au ndiyo chumvi? Na nifanyeje? Msiniambie ninunue nyingine, pete yenyewe haifiki bei ya mashine.

---

Chokochoko

Labda umepata mzinga wa Pegasus 😂

---

Mtoto wa Jambiani

Pegasus, manowari ya Waingereza, ilizamia bandarini Mjini, sheikh. Wajerumani wa meli ya Königsberg waliizamisha Septemba 20, 1914. Mie natafuta pete.

---

Fundi wa Darajani

Wa alaykum salaam. Mashine yako nzima. Inakwambia kweli, ila wewe hukuiuliza swali hilo.

Koili inatuma sumaku inayogeukageuka maelfu ya mara kwa sekunde. Ikikuta kitu kinachopitisha umeme, ndani yake unazuka mkondo mdogo, na mkondo huo unarudisha sumaku yake. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia. Sasa maji ya Mwera yanapitisha umeme kidogo mno, mashine haiyaoni. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, yanapitisha umeme vizuri tu. Kwa mashine yako bahari nzima ni kipande kimoja kikubwa cha metali hafifu, na kila wimbi linabadilisha ukubwa wake. Ndiyo maana inalia wimbi likipita.

Yako bila shaka ni ya masafa mamoja, yaani sumaku yake inageuka kwa kasi moja tu. Hizo mtoni na visimani ni hodari, baharini zinahangaika. Lakini si za kutupa. Fanya hivi:

Shusha unyeti, yaani wepesi wa mashine kusikia. Usione haya, shusha hata nusu. Utapoteza kina, lakini mashine inayosikia sentimita 12 kwa utulivu ni bora kuliko inayopiga kelele kwa sentimita 25. Kama ina modi ya ufukweni, iwashe. Halafu isawazishe pale pale kwenye mchanga mbichi: inua na kushusha koili mpaka inyamaze. Ukiisawazishia kwenye mkavu ukaingia nayo majini umefanya kazi bure.

Tena koili isiwe nusu ndani nusu nje. Ama juu ya mchanga ulioachwa na maji, ama izame yote. Tatizo ni pale inapokatiza uso wa maji. Na itembeze polepole, kimo kimoja, kama unapiga pasi kanzu ya Idi.

La muhimu kuliko yote: usiweke uchujaji wa kukataa takataka. Pete ndogo ya dhahabu inatoa sauti ile ile ya karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara na vile vishikio vya makopo. Ukizikataa hizo, umeikataa na pete.

---

Mzamiaji Kaskazini

Fundi kasema vizuri, lakini kwa bahari mie siamini masafa mamoja. Hapa Nungwi nimetafutia wageni pete miaka, natumia mashine ya mapigo, aina ya Garrett Sea Hunter. Inatuma pigo la nguvu, inazima, inangoja kidogo, ndipo inasikiliza. Mkondo wa ndani ya maji ya chumvi unakufa upesi sana, wa ndani ya pete unakawia. Kwa hiyo ikifungua sikio, bahari imeshanyamaza. Inazama mpaka meta 60 hivi.

---

Fundi wa Darajani

Kweli, ila mwambie na ubaya wake. Mashine ya mapigo haibagui chuma. Kila msumari wa mtumbwi, kila kizibo, utachimba. Na mkufu mwembamba wa dhahabu mkondo wake nao unakufa upesi, unaweza kuupita juu usiusikie. Za kati ni zile za masafa mengi kama Minelab Excalibur, zinalinganisha masafa na kuitoa chumvi kwenye hesabu. Mwenzetu lakini kasema hanunui.

---

Mzamiaji Kaskazini

Basi akodi. Tena hedifoni ziwe za waya, zisizo na waya majini hazifai. Na ukimaliza, suuza yote kwa maji baridi, yasiyo chumvi, kabla hujafungua kifuniko cha betri. Tone moja la chumvi ndani limeniulia moja.

---

Mzee wa Bamvua

Mwanangu, mashine sizijui, maji nayajua. Umekwenda jana, jana yalikuwa maji mafu, hayapwi ya kutosha. Ngoja bamvua, mwezi ukiandama. Upande wenu tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu meta 4, bahari inakwenda mpaka kwenye mwamba. Utakuwa na saa mbili tatu za kutembea pakavu.

Funga kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Pita upande mmoja, sogeza kamba upana wa koili yako, rudi. Usizurure. Mtu akizurura hupita mahali pamoja mara tano na pengine asipite kabisa. Dhahabu nzito, haichukuliwi na maji kama kibati, inazama hapo hapo mpaka ikute pagumu. Lakini kusi likivuma mchanga unahama na kuifukia, kwa hiyo usichelewe.

Buruta miguu, kuna samaki taa wenye miiba. Na mashamba ya jirani usiyakanyage, waombe wenyewe kwanza. Mwani wa mtu ni pesa yake ya madaftari ya watoto.

---

Mpemba wa Wete

Nami nichangie la kisima, pengine litamfaa mwengine. Kwenye maji baridi mashine ya namna hiyo haina shida, shida ni bomba la chuma na kamba ya ndoo yenye waya. Viondoe kwanza, la sivyo utakuwa unalisikiliza bomba.

Jengine: ukishaizoea, usije ukashawishika kwenda kwenye magofu. Huku kwetu Mtambwe Mkuu zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984, vidogo vidogo, na toka hapo kila mwenye koleo anajiona mrithi. Vitu vile vina maana vikiwa mahali pake. Ukiona kitu cha kale, taarifu Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, usikitie mfukoni.

---

Bi Mwani

Nimesoma yote, nyote wanaume, na hakuna aliyemuuliza mwanamke.

Kaka, mkeo kajuaje kama pete imemtoka baina ya kamba ya nne na ya sita? Kaiona ikidondoka, au ndipo alipotazama kidole akaona hakina kitu? Ukikaa majini saa tatu vidole vinanywea, pete inalegea. Haidondoki ukiwa umeinama tu. Inatoka unapouvuta mwani kwenye taitai, vile vikamba vya kuufungia, au unapoutia gunia, au unapoutandaza kuuanika. Mie yangu ilinitoka miaka minne nyuma, nikahangaika baharini wiki nzima. Niliikuta ndani ya mwani mkavu.

Anza na magunia. Halafu pale anapoanikia. Huko kukavu hiyo mashine yako haitalia ovyo.

---

Mtoto wa Jambiani

Nimerudi.

Bi Mwani, nimemuuliza. Kanyamaza, kisha kasema, "Nilipotazama kidole." Basi.

Bamvua nilikuwa nimeshaliingia, nikafuata ya Fundi na ya Mzee. Unyeti nikashusha karibu nusu, nikasawazisha kwenye mchanga mbichi, kelele zikapungua kwa kiasi kikubwa. Kila wimbi dogo bado linaniamkia, lakini naweza kusikia. Saa mbili na nusu kwa kamba: misumari minne, vizibo sita, kijiko, na kipande cha nanga. Majirani wakanipa jina, sitolisema hapa.

Jioni nikapitisha mashine juu ya magunia. La kwanza kimya. La pili likalia, tukamwaga lote mkekani, kizibo cha soda. Watoto walicheka mpaka wakalala chini.

Leo alfajiri nikaenda chanjani anapoanikia. Mchanga mkavu, mashine imetulia kama haiko. Nguzo ya tatu, upande wa kibla, ikatoa kisauti chembamba, kile kile cha karatasi ya sigara. Ningekuwa nimewasha uchujaji ningepita. Nikachimba kwa mkono, hata kiganja hakijazama.

Nimempelekea bado amekaa anasonga uji. Hakusema kitu. Kaisuuza, kaifunga pindoni mwa kanga, kaniambia nikateke maji.

---

Bi Mwani

Mashallah. Msalimie.

---

Chokochoko

Sasa tuambie jina ulilopewa na majirani