Picha inakata na kurudi: nisafishe kadi ya picha, nibadili pawasaplai au niing'oe kadi kabisa?

Kizota_PC: Wakuu, mashine ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, i5 ya kizazi cha 4, pawasaplai yake (kifaa cha kuigawia mashine umeme) ya wati 290, kadi ya picha GTX 1050 Ti isiyo na soketi ya umeme. Skrini inazimika sekunde mbili tatu kisha inarudi, sauti haikatiki. Ninalinganisha mambo matatu: kusafisha kadi na kubadili pesti ya kupitisha joto la chipu, kununua pawasaplai ya wati 500, au kung'oa kadi nibaki na picha ya mazabodi (bodi kuu ya mashine).

Fundi_Makulu: Pawasaplai iache. Kadi hiyo inakula wati 75, zote kutoka kwenye sloti ya mazabodi. Ongeza prosesa ya wati 84, bado uko mbali na 290. Halafu mazabodi ya 9020 haipokei plagi ya kawaida ya pini 24, ina ya pini 8 ya Dell, kwa hiyo utanunua na waya wa kubadilishia. Pawasaplai ikizidiwa, kwa kawaida mashine nzima huzima au kujiwasha upya, na sauti huondoka nayo. Hela hiyo ingoje siku utakayotaka kadi kubwa kama RX 580, ile ya wati 185.

Nzuguni77: Mimi ningesafisha, kwa vumbi letu hili la kiangazi. Zuia feni kwa kidole unapopiga blowa, isizunguke ovyo ikaharibu beringi. Skurubu nne za nyuma ya chipu legeza kwa mshazari, kidogo kidogo. Meno ya kadi yasugue kwa kifutio cheupe, kisha spiriti, yakauke. Hewa ya Dodoma ni kavu, umeme tuli haukosi: chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kesi ndipo ushike kadi.

AreaC_grafiki: Safisha tu mkuu, ila sidhani kama ndiyo dawa. Kadi hiyo ikichemka hupunguza kasi kwanza, gemu linakuwa zito kabla picha haijapotea. Monita ni ya VGA, ile plagi ya zamani ya picha?

Kizota_PC: Ndiyo, inchi 19. Natumia adapta ndogo nyeusi ya HDMI kwenda VGA.

AreaC_grafiki: Basi mshukiwa wa kwanza ni hiyo adapta. 1050 Ti haitoi VGA kabisa, kwa hiyo ndani ya adapta kuna chipu ya kugeuza picha, na umeme wake unatoka kwenye HDMI yenyewe: volti 5, na kadi inalazimika kutoa miliampia 55 tu. Picha ikikata, ishike. Ikiwa ya moto, umeanza kupata jibu. Kisha peleka kadi kwenye TV kwa waya wa HDMI bila adapta, cheza gemu dakika 30. Ikitulia, nunua adapta yenye mkia wa USB wa kuiongezea umeme, au monita ya HDMI. Ikikata hata kwenye TV, ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), futa draiva, yaani programu inayoendesha kadi, kwa kifutio chake DDU, kisha iweke upya. Ukiona madoa au mistari tangu nembo ya Dell, draiva haihusiki. Hapo huenda kumbukumbu ya kadi ndiyo mbovu.

Nzuguni77: Hapo nimekuelewa. Kizota, kama huna TV karibu, ng'oa kadi uchomeke monita kwenye VGA ya mazabodi. Ikitulia, monita na waya wake ni vizima. Zinabaki adapta na kadi.

Fundi_Makulu: HD 4600, picha iliyomo ndani ya hiyo i5, inatosha Excel na filamu. Gemu nzito sahau.