Kidonda cha kalio kimefika mfupani, dozi ya tatu hii na usaha bado unatoka

mdogomtu_88: Wakuu habari za usiku, naombeni msaada. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda akaumia uti wa mgongo, miguu haifanyi kazi mpaka leo, sasa akatoka kidonda kwenye kalio pale anapokalia na eksirei ikaonyesha mfupa umeliwa. Kachomwa sindano za antibayotiki ya seftriaksoni, kapewa na vidonge, kila dozi ikiisha kidonda kinaziba wiki mbili tatu kinafumuka tena. Leo nakisafisha, kwa juu tundu dogo tu lakini gozi (kitambaa cha kusafishia kidonda) imeingia karibu kidole kizima. Dawa ndo mbovu au tunakosea wapi? Mama kashaanza kusema karogwa.

nesi_wa_zamu: Pole sana ndugu yangu. Hajarogwa. Dawa inasafiri na damu, mfupa ukishakufa damu haifiki, wadudu wanajificha humo wamejifunika utando wao, mnaua wa pembeni wale wa ndani wanasubiri dozi iishe. Hicho kipande kilichokufa kitolewe na daktari wa upasuaji, na hapohapo mfupa upelekwe maabara wakaoteshe wadudu wajulikane ni wa aina gani. Kipimo walichukua kwa kupitisha pamba juu ya kidonda tu? Ile inaokota wadudu wa juujuu, unaweza ukatibu mdudu asiyehusika kabisa. Kama hana homa muulizeni daktari kuhusu kupumzisha antibayotiki kama wiki 2 kabla ya kuchukua mfupa, ila msiache wenyewe jamani.

mdogomtu_88: Pamba tu dada. Halafu anashinda kwenye wiilichea anauza vocha, tumemwekea tairi la kukalia.

magurudumu2: Hilo tairi toeni leo leo, linabana damu pembeni ya kidonda. Mimi nipo kwenye kiti mwaka wa 9, nilikwanguliwa mfupa wakaziba na nyama ya paja, nikawahi kukaa kwa sababu ya njaa, yote ikaachia. Mara ya pili nililala kifudifudi na ubavu wiki 6, nageuzwa kila saa 2, mayai na dagaa kila siku, ndo ikashika. Biashara mshikieni nyie kwanza.

Kimweri_tz: Sampuli ya mfupa waombeni wapime na TB, hiyo haisikii seftriaksoni hata mchome mwaka.

mdogomtu_88: Asanteni sana, kesho tunaenda na picha zake zote, vocha nitauza mimi. Nimemgeuza sasa hivi, saa 8 naamka tena.